Kiinua Mgongo cha Baba

Novemba 9

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. King'ora cha zimamoto kikilia, watu wa mji wetu, Osterdal, huinua vichwa na kuwaombea walioko ndani ya nyumba inayoungua. Mimi naomba nyumba yenyewe iteketee upesi, paa lianguke, kusibaki kitu cha kuokoa, ili baba akifika asikute mlango wa kuingilia. Naomba hivyo darasani, kanisani, hata katikati ya mtihani wa hesabu. Sijui Mungu huyafanyia nini maombi ya namna hiyo.

Sababu ni hii. Jumamosi bomba la moshi la akina Tollefson lilishika moto. Walipouzima na kurudi kituoni, wote waliingia kunywa kahawa, baba hakuingia. Nilimkuta nyuma ya gari la pili la zimamoto, amekaa kwenye kidaraja cha kupandia, koti wazi kwenye baridi ile, mdomo wazi kama samaki aliyevutwa juu ya barafu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino wangu wa bluu. Maisha yake yote mchana ni vumbi la ghala la nafaka, na king'ora kikilia ni moshi.

"Usimwambie mama yako," alisema alipoweza kusema.

"Baba, huwezi kupumua."

"Nyongeza ikipita tu, naondoka. Nakuahidi, Marit."

Nyongeza. Nyumbani kwetu neno hilo linatajwa kuliko jina la Yesu. Wazima moto wetu ni wa kujitolea, hawana mshahara. Siku mtu anapoondoka, mfuko wao humpa kiinua mgongo kwa kila mwaka aliotumikia. Lakini kiwango ni kile kilichopo siku hiyo anapoondoka. Ukitoka leo na kiwango kikapandishwa kesho, ya kesho huipati hata senti. Kwa hiyo hakuna anayetoka. Wanasubiri, wanazeeka, wanakohoa, wanasubiri. Na mweka hazina wa mfuko, anayekaa mezani kwetu kila Jumapili akipiga hesabu za hiyo nyongeza, ni baba.

Novemba 14

Theluji. Mtihani wa historia. Hakuna king'ora.

Novemba 20

Halmashauri ya mfuko imekutana katika chumba cha ghorofani kituoni. Nilikuwa pembeni na kitabu changu kwa sababu baba ndiye angenirudisha nyumbani. Hakuna anayeniona nikiwa na kitabu. Ni faida ya kuwa mimi.

"Mfuko umeshiba," baba alisema. "Hata tukiondoka wote siku moja, kila mtu analipwa na chenji inabaki. Napendekeza tutoke dola elfu mbili mia nane kwa kila mwaka wa utumishi, twende elfu tatu mia tano."

"Ongeza, bwana," alisema Arvid, mzima moto mwenzake, ambaye goti lake hulia kama bawaba. "Ongeza kabla goti langu halijaondoka bila mimi."

Walicheka. Cody Schmaltz hakucheka. Cody anabadilisha matairi kwa shemeji yake, ana miaka ishirini na minne, na ndiye kijana pekee kwenye halmashauri.

"Hizo hela ziko kwenye hisa," alisema. "Hisa zilizopanda zinashuka. Zamu yangu ikifika nitakuta nini humu? Makopo ya kahawa?"

"Na kahawa yenyewe ukiikuta ushukuru," Arvid alimjibu.

Mkuu Verlyn, kiongozi wa kikosi, aliita kura. Mikono yote juu isipokuwa wa Cody.

"Hapana," alisema. "Na siyo kwa ajili ya hisa tu."

Hakueleza zaidi. Baba alimtazama kwa upole, namna anavyowatazama watu wanaomkosea, na mimi nikaandika pembeni mwa kitabu cha historia neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Kwa ajili ya uchoyo wake baba angeendelea kupanda gari lile? Bahati nzuri kura moja haizuii kitu. Sasa bado baraza la mji lipitishe, maana mfuko ukipungukiwa ni mji unaofidia. Watakaa Desemba. Halafu baba anatoka.

Desemba 3

Nilienda dukani kwa Bwana Dufner kununua chumvi ya kuyeyushia barafu kwenye ngazi. Bwana Dufner anauza misumari, rangi na koleo, na ni diwani. Dukani walikuwepo watu wanne watano wakiota joto.

"Ah, binti wa mweka hazina!" alisema. "Mwambie baba yako nampigia saluti. Anapiga hesabu mwenyewe, anapendekeza mwenyewe, halafu wa kwanza kuondoka na fungu ni yeye mwenyewe. Kazi kama hiyo namtafutia mwanangu."

Wakachekea ndani ya kola zao. Najua ningeweza kusema nini. Nimeyapanga maneno yote baadaye njiani, yenye mantiki, yenye ushahidi. Pale dukani nilisema "Asante," nikalipa, nikatoka. Asante! Nilimshukuru!

Desemba 4

Bado nasikia ile "asante" yangu.

Desemba 11

Wameahirisha. Baraza zima lilikaa kwa saa nzima likijadili taa za Krismasi za barabara kuu, rangi moja au rangi mbalimbali, na walipofika kwa wazima moto Bwana Dufner akatazama saa ya ukutani na kusema jambo hili linahitaji utulivu, lije Januari. Wakakubali. Wakaenda kula keki.

Baba alikunja karatasi zake taratibu. "Ni mwezi mmoja tu," aliniambia garini.

Mwezi mmoja tu! Mwezi mmoja wa majira ya baridi ndio mwezi watu wanapowasha kila kitu: majiko ya kuni, mahita mabovu, taa za kuyeyushia mabomba yaliyoganda. Kila mtu Osterdal anajua hivyo. Bwana Dufner anajua kuliko wote, ndiye anayewauzia.

Desemba 25

King'ora kililia tukiwa mezani. Baba alitoka na kipande cha mkate wa viazi mdomoni. Ilikuwa kengele ya uongo. Mama aliendelea kukata nyama vipande vidogo, vidogo, mpaka haikuwa tena nyama.

Desemba 30

Baridi hata ndani ya pua. Nimesoma siku nzima.

Januari 8

Nitaandika yote, nikiacha kitu nitadhani niliota.

Baraza limepitisha nyongeza leo. Limepitisha! Inaanza kazi leo hii. Arvid alipiga goti lake zima kwa furaha. Mama, aliyebadilishana zamu katika nyumba ya wazee ili aje, alinishika mkono chini ya benchi akaubana. Nilianza kuhesabu kichwani vitu ambavyo baba hatavifanya tena. Hatavaa mtungi wa hewa. Hatapanda paa lenye barafu. Hatakaa kwenye kidaraja cha gari.

Ndipo Bwana Dufner, ambaye alikuwa amepiga kura ya ndiyo huku amenuna, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Natumaini Duane barua ya kuondoka ameshaiandika," alisema. "Au tumwazime kalamu? Maana hela bado ya moto."

Ukumbi ulicheka. Haukuwa mzaha mkubwa, na kicheko hakikuwa kibaya sana, ni kile cha watu wanaotaka kwenda nyumbani. Lakini nilikuwa namtazama baba shingoni, na niliona wekundu ukipanda kutoka kwenye kola.

Akasimama. Baba yangu, ambaye hasimami hata kuomba chumvi.

"Sikuomba nyongeza hii kwa ajili yangu," alisema. "Na ili asibaki mtu na shaka, mimi siondoki. Nitatumikia mwaka huu wote."

Wakampigia makofi! Mkuu Verlyn alimpiga bega. Arvid, aliyetaka kutoka kesho asubuhi, alijikuta naye akisema, "Basi na mimi nipo." Mama aliuachia mkono wangu.

Nyumbani mama alivua viatu, akavipanga, akasema:

"Duane. Umefanya nini?"

"Ulimsikia alivyosema."

"Nilimsikia. Mtu anayeuza misumari amesema neno, na wewe umempa mwaka."

"Lorene, jina langu…"

"Jina lako litaandikwa kwenye jiwe, ukitaka. Kuna nafasi karibu na baba yako."

Halafu akaenda kuosha vyombo visafi.

Mimi nilikuwa kwenye ngazi. Nimemchukia Bwana Dufner tangu Desemba na nilidhani chuki yangu imejaa, haina nafasi tena. Kumbe ilikuwa na chumba kizima cha ziada, na leo baba ameingia humo. Muda wote nilidhani kinachomshikilia kule ni hela. Hela imekuja na amebaki. Amebaki kwa sababu watu walicheka kidogo. Angeweza kucheka nao! Angeweza kusema, "Ndiyo, nimeandika barua, na kalamu ninayo." Lakini hapa kwetu mtu akionekana amejipa kitu mwenyewe ni afadhali aonekane uchi. Tunapewa kipande cha mwisho cha keki tunakikata nusu, halafu nusu ya nusu, mpaka kikauke kwenye sahani. Na baba ameifanyia hivyo pumzi yake.

Januari 10

Siongei na baba. Hajagundua. Hilo nalo linaniudhi.

Januari 17

Zizi la akina Rademacher limeungua. Nyuzi ishirini chini ya sifuri, maji yaliganda kwenye kofia zao. Baba alirudi nyumbani amekaa upande wa abiria wa gari lake mwenyewe, na aliyeendesha alikuwa Cody Schmaltz. Cody alimshusha, akamshika kiuno mpaka mlangoni.

"Ameteleza," Cody alimwambia mama, bila kumtazama.

Suruali ya baba haikuwa na theluji wala tope magotini. Mtu aliyeteleza huchafuka.

Januari 19

Baada ya shule nilienda kwenye karakana ya matairi. Nilizunguka jengo mara kadhaa kabla ya kuingia. Cody alikuwa amelala chini ya lori, naona buti zake tu, na labda ndiyo maana niliweza kusema.

"Zizini kulitokea nini?"

Buti zilitulia. "Mwulize mzee wako."

"Nakuuliza wewe. Na kwa nini ulipiga kura ya hapana?"

Alijivuta kutoka chini ya lori, akakaa, uso mweusi kwa grisi.

"Nilikuwa mbele nimeshika mpira wa maji," alisema. "Baba yako nyuma yangu. Ghafla mpira ukawa mzito. Nageuka, mzee kapiga magoti kwenye nyasi kavu, kinyago cha hewa kakivua. Amekivua ndani ya moshi, Marit, kwa sababu alidhani hewa ya mtungi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Yeye ndiye aliyekwisha."

Nilikaa juu ya rundo la matairi.

"Unataka kujua ya kura? Kila miaka miwili mitatu tunaongeza. Ikikaribia, hakuna anayetoka. Ikipita, wanaanza kunusa inayofuata. Mimi ndiye ninayeingia ndani, na wanaonishikia mpira nyuma ni wazee wanaopumua kama trekta bovu. Nikisema, naambiwa mchoyo. Kuwaambia wamezeeka siwezi, walinifundisha kufunga buti. Basi nikasema hisa."

"Ungeniambia."

"Wewe? Hujawahi kunisalimia hata siku moja."

Ni kweli. Nilidhani ni yeye ndiye hajawahi kunisalimia.

"Na ule mtihani wa mnara?" nilimwuliza. Kila mwaka, Februari, kila mzima moto anatakiwa apande mnara wa kukaushia mipira ya maji akiwa na vifaa vyote na mtungi mgongoni, bila kusimama. Asiyefika juu haruhusiwi tena kupanda gari.

Cody alicheka kwa pua. "Vijana tunapanda kwa miguu. Wakubwa wanapanda kwa kalamu. Mkuu anawawekea alama huku wanakunywa kahawa. Ndiyo heshima yao."

Januari 23

Leo nimemwambia mama. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akianguka au akilia. Alikuwa akikunja sare zake za kazi, akaendelea kukunja.

"Miaka yote hii nalala naye kitanda kimoja," alisema. "Unadhani sisikii anavyopumua?"

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Nikimtoa mimi, mwanangu, atakaa kwenye kile kiti cha dirishani akiwa mwanaume aliyetolewa na mkewe. Na atakaa hapo miaka mingi. Nilitaka atoke mwenyewe."

Nilipanda chumbani nikafunga mlango kwa nguvu, mara ya kwanza maishani mwangu. Haikusaidia. Nilirudi nikaufunga tena.

Februari 2

King'ora mara mbili leo. Alienda mara zote mbili.

Februari 5

Mkuu Verlyn ndiye dereva wa basi letu la shule. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kwenye njia yake, kwa hiyo kila siku tunabaki wawili, na tangu nilipokuwa darasa la kwanza mazungumzo yetu ni "Kesho, Marit" na "Kesho, Mkuu." Leo alisimama mbele ya geti letu, akafungua mlango, na mimi sikuinuka.

"Tumefika, binti."

"Baba hawezi kupumua," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Zizini hakuteleza. Alivua kinyago ndani ya moshi."

Mkuu aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Baridi ilikuwa ikiingia mlangoni.

"Najua," alisema.

Naye! Cody anajua, mama anajua, Mkuu anajua. Watu wazima wakishasema "najua" wanadhani wameshafanya kazi.

"Kama unajua, mtoe!"

"Nikimtoa, Dufner atasema tulipanga ili achukue hela. Duane alisema mbele ya mji mzima kwamba anabaki. Nitamvunja, mwanangu. Nimekua naye."

"Utambeba basi? Maana kuna siku mtambeba. Mtavaa zile sare nzuri, gari la pili litapita polepole barabara kuu, na Bwana Dufner atafunga duka kwa heshima. Mtampigia makofi tena?"

Sikujua kama nina maneno hayo.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza, na aliuliza kweli, siyo namna ya kuninyamazisha.

"Wapandishe mnara. Wote, kwa miguu. Wewe wa kwanza."

Alitazama barabara. "Kesho, Marit," alisema mwishoni.

Nilishuka bila kumjibu.

Februari 9

Tangazo liko kwenye mlango wa kituo. Mtihani wa mnara ni Jumamosi, kila mtu, bila kubagua umri wala cheo. Baba alilisoma, akarudi nyumbani, akakaa mezani na koti lake.

"Kuna mtu alimwendea Verlyn," alisema. "Cody, nadhani."

Mama alinitazama. Ningeweza kunyamaza, ndicho kipaji changu.

"Ni mimi," nilisema.

Alinitazama kana kwamba nimeingia nyumba ya watu. "Wewe."

"Mimi. Na nimekasirika na wewe tangu Januari, hata hukuona."

Aliinuka akaenda kuwapa ng'ombe maji. Hatuna ng'ombe tena, tuliuza wote nikiwa na miaka kumi. Alikaa tu zizini.

Februari 12

Kimya cha siku ya tatu. Anapitisha siagi kwa mama, mama anaipitisha kwangu.

Februari 14

Mkuu Verlyn alipanda wa kwanza, akafika juu, akashuka rangi imemtoka. Arvid alifika ngazi ya nne, akatukana goti lake kwa Kinorwe cha babu zake, akasema inatosha, na watu wakamsaidia kuvua buti huku wakimtania. Alionekana mwenye furaha. Kumbe kilichohitajika ni ngazi tu, kitu ambacho hakina mdomo wa kucheka.

Kisha baba. Alivaa kila kitu mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Tulisikia buti zake zikipanda, moja, nyingine, moja. Ghorofa ya kwanza. Buti zikawa nzito. Ya pili. Halafu hazikusikika tena. Kila mtu chini alitazama viatu vyake. Cody aliweka mguu kwenye ngazi, akanitazama, akautoa.

Nilipanda mimi. Alikuwa amekaa kwenye ubao wa ghorofa ya pili, kati ya mipira inayoning'inia, kinyago mkononi, midomo ile ile ya bluu. Nilikaa kando yake. Nilisubiri mpaka pumzi ikawa na nafasi ya maneno.

"Bado umekasirika?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Na mimi."

"Sawa," nilisema.

Nilifungua mikanda ya mtungi kifuani kwake, kwanza wa juu, kisha wa kiunoni, nikauvaa mgongoni mwangu. Ni mzito kuliko nilivyodhani. Nilitangulia kushuka, ili akiteleza anikute mimi. Chini nilimkabidhi Mkuu mtungi, nikamwambia aandike kwamba Duane Hjelle amefika ghorofa ya pili, aandike hivyo hivyo, kwa kalamu. Mkuu aliandika. Baba alikaa kwenye benchi akaomba karatasi moja kutoka kwenye daftari hilo, na hakuna aliyemwazima kalamu kwa mzaha. Sikungoja aimalize barua. Nilienda nje, nikakwangua barafu kwenye kioo cha gari letu, nikawasha hita, nikahamia kiti cha dereva kwa sababu nina leseni ya kujifunza udereva, na nikamsubiri.